Meza ya Jumamosi Mbele za Bwana

Tafakari ya juma
Masomo: Kumbukumbu la Torati 14:22–29, Nehemia 8:1–12, Yohana 21:1–17



Ipo amri katika Torati ambayo wengi wetu tunaivunja bila hata kujua kwamba ni amri. Imo katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 14. Mungu anawaagiza Waisraeli watenge sehemu ya kumi ya mavuno yao ya mwaka, waende nayo mpaka mahali atakapopachagua, na huko waile. Kama njia ni ndefu na mzigo haubebeki, wauze, waende na fedha mkononi, na wakifika wanunue chochote ambacho nafsi zao zinakitamani, awe ng'ombe, awe kondoo, iwe divai. Kisha wakae pamoja na watu wa nyumbani mwao, wale mbele za Bwana, wafurahi.

Naomba nieleweke vizuri kuhusu fungu la kumi. Torati ina maagizo mengine, kama yale ya Hesabu 18, yanayowapa Walawi zaka kwa ajili ya utumishi wao hemani, na mafundisho yetu ya utoaji yana msingi wake humo. Ninachotaka tukione leo ni kwamba Mungu aliyeamuru Sabato na kukataza wizi, ndiye huyohuyo aliyeamuru watu waende sokoni, wachague kitoweo wanachokipenda, wale, washibe na wafurahi. Hata uchaguzi wa kitoweo amewaachia wenyewe.

Tukiisoma haraka tunaweza kudhani ni ruhusa tu ya kujistarehesha. Aya ya 23 inatusimamisha. Inasema sababu ya mlo huo ni watu wajifunze kumcha Bwana siku zote. Uchaji ambao tumezoea kuutafuta katika kufunga, kukesha na kupiga magoti, hapa unafundishwa mezani, mbele ya chakula kizuri, mtu akiwa amekaa na jamaa zake. Kufunga kuna mahali pake, na Kwaresima ikifika nitawahimiza kama kawaida. Lakini mtu anayejua kufunga na hajui kufurahi mbele za Mungu, amesoma nusu ya somo.

Swali la juma hili basi ni hili: je, mlo mtamu wa mwisho wa wiki unamfundishaje mtu kumcha Mungu?

Nalifikiria swali hili kila ninapopita Soko la Samaki la Feri, pale Magogoni, kwenye mlango wa bandari ya Dar es Salaam. Jumamosi familia zinashuka kwenye mwendokasi kituo cha Kivukoni, nyingine zinavuka na pantoni kutoka Kigamboni, na zote zinaingia sokoni. Mnada wa asubuhi umekwisha, madalali wamenyamaza, na samaki wamepangwa mezani mafungu kwa mafungu: changu, kolekole, vibua, nguru wa vipande, jodari, ngisi, pweza. Mama anainua shavu la samaki kwa kidole aone kama ndani bado ni pekundu, anabonyeza mgongo, anauliza bei, anapunguziwa kidogo. Mpara samaki anampokea, anamkwangua magamba, anamtoa matumbo, anamchanja ubavu huu na huu ili chumvi iingie.

Kutoka hapo ni kwa wakaanga samaki, kwenye makarai makubwa yaliyotegwa juu ya moto. Mtazame mmoja wao akifanya kazi. Anamshika samaki mkiani na kumlaza kwenye mafuta kichwa kikitangulia, akimwelekeza mbali naye ili mafuta yasimrukie. Hamgeuzi upesi. Anasikiliza. Mafuta yanapiga kelele nyingi maji yakitoka, kisha sauti inapungua, ngozi inakaza na kuwa kahawia, na hapo ndipo anamgeuza. Amesimama kwenye moshi tangu asubuhi, macho yamekuwa mekundu, na bado anajua samaki wa nani ni yupi. Dakika chache baadaye samaki yuko mezani, na ugali wa moto, kachumbari, ndimu na pilipili. Watu wananawa, wanakula kwa mkono. Baba anachambua miba, anampa mdogo kuliko wote nyama ya mgongoni. Wakubwa wanagombea kichwa. Kwa familia nyingi zinazoshindia maharage na mchicha juma zima, hii ndiyo sikukuu.

Somo la kwanza ambalo meza hiyo inafundisha ni kwamba tumepewa. Wavuvi wa usiku wanaotumia taa wanategemea giza. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawaifuati taa kama usiku wa giza, na vyombo hurudi na samaki haba. Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu katikati ya mwaka, vyombo vidogo hubaki ufukweni na changu yuleyule hupanda bei. Hakuna tajiri wa soko wala ofisa wa serikali anayeweza kuuamuru mwezi uzame mapema au upepo utulie. Petro alilijua jambo hili kwa mikono yake. Katika Yohana 21 yeye na wenzake walivua usiku kucha wasipate kitu, na miongoni mwao walikuwemo wavuvi wa ziwa lile.

Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya samaki wa kukaanga amekaa mbele ya rehema. Juma zima anaweza kujisahau, akala akiwa amesimama, akala akiwa njiani, akadhani chakula kimetoka mfukoni mwake. Jumamosi anatulia. Anakula polepole, anakisikia chakula, na moyo wake unapata nafasi ya kuuliza kimetoka wapi. Paulo alimwandikia Timotheo, katika waraka wa kwanza, sura ya 4, akiwaonya watu dhidi ya walimu waliokataza vyakula ambavyo Mungu aliviumba vipokelewe kwa shukrani. Chakula kinachodharauliwa kwa jina la utakatifu kinamnyima Mungu shukrani iliyo yake.

Nalisema hili kwa sababu wapo wacha Mungu wanaoteseka. Mama amefanya kazi mwezi mzima, amelipa kodi ya nyumba, amelipa ada, ametoa sadaka, na kilichobaki kidogo amewapeleka watoto Feri. Anarudi nyumbani na dhamiri inamshitaki kwamba amechezea fedha. Dada yangu katika Kristo, aliyekushitaki si Bwana. Bwana Yesu mwenyewe alikula vizuri kwenye nyumba za watu, hata wapinzani wake wakamwita mlafi, kama tunavyosoma katika Mathayo 11. Hakuacha kukubali mialiko kwa sababu ya maneno yao.

Tazama pia mizani yetu ilivyokaa. Kamati ya harusi ikiketi tunachanga bila kusita. Tunachangia sendofu, tunachangia kipaimara, tunashona sare, tunakodi ukumbi. Ni mambo mema, na ujamaa huo ni hazina yetu. Lakini baba huyohuyo aliyetoa mchango mkubwa wa harusi ya jirani anaweza kumaliza mwaka mzima hajawahi kukaa na watoto wake mwenyewe mbele ya mlo waliouchagua wao. Torati inapotaja watu wa nyumbani mwako inamaanisha hao. Mtoto anayekumbuka kwamba baba alimchambulia miba ana mahali pa kuanzia siku atakapoambiwa kwamba Mungu ni Baba.

Somo la pili ni kipimo. Mlo ule wa Torati ulitoka kwenye mavuno ya mwaka uleule. Mkulima alikuwa amekwisha kuvuna, akatenga, ndipo akasafiri. Mungu hakumwagiza akakope ili afurahi. Wapendwa, nazungumza na wale ambao Jumamosi yao inalipiwa na mikopo ya kausha damu. Umekopa Ijumaa, umeng'aa Jumamosi, na kuanzia Jumatatu simu ikilia unashituka. Hiyo si furaha ya mbele za Bwana, kwa kuwa mtu anayekula fedha ya mkopeshaji anakula huku anamtazama mkopeshaji. Bora familia inunue fungu la dagaa na kulikaanga nyumbani, ile kwa amani, kuliko kula kamba kwa hofu. Katika sura ya 16 ya kitabu hichohicho, Mungu anawaambia watu waende kwenye sikukuu zake kila mmoja na alichoweza kutoa, kwa kadiri alivyobarikiwa. Furaha haina kiingilio kimoja kwa wote.

Basi tenga. Weka kibubu cha chakula cha familia, na watoto wajue kazi yake. Sarafu ikiingia humo inakuwa imewekwa wakfu kwa ajili ya siku ya kufurahi, na kungoja kwenyewe kunawafundisha watoto subira ambayo hakuna mahubiri yanayoifundisha vizuri zaidi. Ikichukua miezi kujaa, na ichukue. Israeli walingoja mwaka.

Somo la tatu ndilo zito kuliko yote, na hapa naomba mnivumilie. Amri ya kufurahi haikuishia kwenye familia. Mara tu baada ya kusema kula na kufurahi, Mungu anasema usimwache Mlawi aliye malangoni pako, kwa sababu hana shamba. Kila mwaka wa tatu, zaka yote inabaki mjini ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane wale na kushiba. Neno ni washibe, yaani wasionjeshwe tu. Katika sura ya 16, kwenye Sikukuu ya Majuma na ile ya Vibanda, orodha inaongezeka: mwanao, binti yako, na mtumishi wako wa kiume na wa kike.

Tusiruke hapo kwenye mtumishi. Katika nyumba nyingi za mjini yupo dada wa kazi. Ndiye aliyewaogesha watoto, akawavisha nguo za kutokea, akawafunga viatu. Familia ikipanda gari kwenda kula samaki, yeye anabaki kufunga geti. Au anachukuliwa ili amshike mtoto, na anakula wengine wakisha kumaliza, vile vilivyobaki. Mungu wa Israeli alimtaja kwenye orodha ya walioalikwa sikukuu miaka elfu kadhaa iliyopita. Akae mezani. Aulizwe na yeye, kama wengine, anataka changu au kolekole. Kama nyumba yako haina nafasi ya kumketisha mtu huyo, usidhani umekula mbele za Bwana. Umekula mbele za watu tu.

Wapo pia waliokupikia. Mpara samaki, mkaanga samaki, mama lishe aliyesonga ugali, kijana anayefuta meza. Kupatana bei ni desturi ya soko na haina dhambi. Kumkamua mtu aliyesimama kwenye moshi mpaka faida yake iishe ni jambo jingine. Mlipe kwa heshima, msalimie kama binadamu, mwambie asante, kaka, kazi nzuri. Wengi wao ni Waislamu, kama walivyo wengi wa wanaokula meza ya jirani. Jiji letu limezoea kula pamoja hivyo, nasi tuilinde neema hiyo.

Paulo alikutana na mambo haya Korintho, mji wa bandari kama wetu, wenye soko lake la nyama. Maandishi ya Kilatini yaliyochimbuliwa huko yanalitaja. Wakristo wa mji ule waliingia sokoni na mashaka, wasijue nyama ipi imetolewa sadaka kwa sanamu. Katika 1 Wakorintho 10 Paulo aliwaambia wanunue na wale bila kujihojihoji, kwa maana dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Akaongeza kwamba mtu akikwazwa, basi upendo uwe juu ya hamu ya kula. Soko halikumtisha Paulo. Kilichomtisha kiko sura moja mbele, katika 1 Wakorintho 11: ndugu waliokutana kanisani, kila mmoja akatangulia kula chake, huyu akabaki na njaa na yule akalewa. Aliwauliza kama wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu. Dawa aliyowapa ilikuwa nyepesi kuitaja na ngumu kuifanya: wangojane.

Nehemia 8 inatuonyesha watu waliolielewa jambo hili. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umekamilika. Siku ya kwanza ya mwezi wa saba watu wakakusanyika kwenye uwanja mbele ya Lango la Maji, na Ezra akawasomea Torati tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wakaanza kulia, maana Neno lilikuwa limewachoma. Viongozi wakawazuia wasilie. Wakawaagiza waende wakale vinono, wanywe vitamu, na wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu, kwa sababu siku ile ilikuwa takatifu. Utakatifu wa siku ndio uliotolewa kama sababu ya kula vizuri, na ndio uliotolewa kama sababu ya kupeleka sahani kwa jirani. Watu wakaenda wakafanya hivyo, na Biblia inasema walifurahi kwa kuwa waliyaelewa maneno waliyosomewa.

Hapa Feri pana namna rahisi ya kulitii andiko hilo. Ukimaliza kula, kabla hujanyanyuka, mwambie mkaanga samaki: "Nifungie na mmoja." Huyo mmoja ana mwenyewe. Ni wa bibi wa nyumba ya nyuma ambaye miguu haimfikishi tena barabarani. Ni wa mjane wa jumuiya yenu ambaye tangu mazishi yaishe hakuna aliyegonga mlango wake na chakula. Ni wa mlinzi wa mtaa atakayekesha usiku huo. Fanya afike angali na joto, na usimfikishe kwa mkono mrefu mlangoni. Ingia, keti kidogo, uliza habari. Mjane ana njaa ya samaki, na ana njaa kubwa zaidi ya kuitwa jina lake.

Wapo ndugu ambao daktari amewazuia mafuta na chumvi kwa ajili ya presha au kisukari. Msijione mmeachwa nje ya tafakari hii. Agizo la Mungu liliacha chakula kwenye hiari ya mlaji. Chagua kinachokufaa, supu nyepesi au samaki wa kuchoma bila mafuta, na ukipokee kama wengine wanavyopokea chao. Mwili unaoulinda ni zawadi yake pia.

Na wapo wanaosoma haya huku hawana hata hilo fungu la dagaa. Kwenu sitaki kusema maneno mepesi. Neno la Mungu linawaambia majirani zenu kwamba sikukuu yao ina kasoro mpaka ninyi mmeshiba. Kama kanisa letu halijawafikia, deni ni la kanisa. Wazee wa mitaa na viongozi wa jumuiya, nawaomba juma hili mpite nyumba kwa nyumba, mjue ni nani hawakuandaliwa kitu.

Turudi ziwani kwa Petro. Alfajiri ile Bwana aliyefufuka alisimama ufukweni. Alikuwa amewasha makaa, ameweka samaki juu yake, na mkate. Hakuwa na upungufu, lakini aliwaambia walete na katika wale waliovua wao. Chakula chake na jasho lao vikakutana kwenye moto mmoja. Kumbuka kwamba mara ya mwisho Petro kusimama kwenye moto wa makaa katika Injili ya Yohana ilikuwa uani kwa kuhani mkuu, usiku alipomkana. Bwana alikuwa na neno zito la kuzungumza naye, na angeweza kuanza nalo. Alianza na chakula. Yohana ameandika waziwazi kwamba ni baada ya kula ndipo alipomuuliza Petro kama anampenda, na ndipo alipomwambia awalishe kondoo wake. Mtu aliyekwisha kulishwa ndiye aliyepewa kazi ya kulisha.

Huo ndio mwenendo wa uchaji unaofundishwa mezani. Tunapokea, tunafurahi pamoja na watu wetu, na tunatoka pale tukiwa na watu wa kuwalisha. Ukiiondoa furaha, utawalisha wengine kwa uso wa chuki. Ukiwaondoa wale wengine, hiyo furaha itakunenepesha mwili na kukukausha roho.

Kwa juma hili nawapa kazi tatu. Anzisheni kibubu cha mlo wa familia, hata kama kitaanza na sarafu moja. Siku mtakapokula, sala ya chakula isemwe na mtoto, na amtaje mvuvi, mpara samaki na mkaanga samaki. Na kabla hamjaondoka nyumbani kwenda kula, taja kwa jina mtu mmoja atakayefungiwa sehemu yake.

Tuombe.

Ee Bwana, uliyewasha makaa ufukweni na kuwalisha wavuvi waliochoka, tunakushukuru kwa bahari na vilivyomo, kwa mikono inayovua, inayopara na inayokaanga. Wasamehe wanao waliokula wakakusahau. Waondolee hatia wanaokula kwa shukrani huku dhamiri ikiwasumbua bure. Wavunjie minyororo waliofungwa na madeni. Utufundishe kungojana, tupanue meza zetu mpaka mgeni, yatima, mjane na mtumishi wa nyumba wapate mahali na kushiba. Walinde walio baharini usiku huu, uwarudishe salama na mavuno. Tunaomba katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.

Nawatakia juma lenye baraka, na Jumamosi njema mezani.